Kuchagua Makazi ya Uzeeni Katika Nchi ya Jua Kali: Somo Kutoka Jangwa la Arizona

Kwa kawaida mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima atimizapo umri wa miaka 60, na anaweza kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55. Katika miezi inayotangulia siku hiyo swali moja hutawala mazungumzo ya nyumbani: mzee atakwenda kuishi wapi? Wapo wanaorejea kijijini walikozaliwa, kwa kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wapo wanaonunua kiwanja pembezoni mwa mji kwa sababu bei yake ni nafuu. Uamuzi huo hufanywa kwa fedha ya kiinua mgongo, ambayo haipatikani mara ya pili. Ukikosewa, hurekebishwa kwa taabu kubwa, na mara nyingi haurekebishiki kabisa.

Somo la toleo hili linawachukua wasomaji hadi jimbo la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani. Huko, kwa zaidi ya miaka 60, wazee wamekuwa wakinunua nyumba katika miji iliyojengwa jangwani kwa ajili yao. Mengi ya miji hiyo ni ya watu wa huko na mazingira yao. Hata hivyo, mambo yaliyowanufaisha na yaliyowaumiza wazee wa Arizona ni mambo ambayo kila mkazi wa kata yenye mvua haba anapaswa kuyapima kabla ya kuweka jiwe la msingi.

Miji iliyojengwa kwa ajili ya wazee

Mji wa kwanza wa aina hiyo ulikuwa Youngtown, ulioanzishwa mwaka 1954 karibu na jiji la Phoenix. Tarehe 1 Januari 1960, mkandarasi Del Webb alifungua mji mkubwa zaidi jirani na hapo, akauita Sun City, yaani Mji wa Jua. Ulijengwa juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya pamba. Wageni wa kwanza walikuta nyumba tano za mfano, kiwanja cha gofu, maduka na kituo cha burudani vikiwa tayari vimekamilika. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 100,000 walifika kuutazama katika siku tatu za mwanzo.

Siri ya mvuto huo inaeleweka. Mnunuzi hakuahidiwa kwamba barabara na duka vitakuja baadaye. Aliviona kwa macho yake. Hilo ndilo funzo la kwanza, na ndilo lililo rahisi zaidi: huduma inayoonekana ina uzito kuliko huduma iliyochorwa kwenye karatasi.

Joto halipimwi wakati wa baridi

Wazee wengi wa majimbo ya kaskazini mwa Marekani huitembelea Arizona mwezi Januari au Februari, wakati kwao kuna theluji. Hukuta jua la kupendeza, hewa kavu na anga safi, wakaweka saini. Majira ya kiangazi ndiyo huonyesha sura ya pili. Mwaka 2023 jiji la Phoenix lilipata siku 31 mfululizo ambazo kila moja ilifikia nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi, na kulikuwa na usiku mwingi ambao joto halikushuka chini ya nyuzi 32. Katika mwaka huo mmoja, kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix na Sun City zimo, ilithibitisha vifo 645 vilivyohusiana na joto.

Mwili wa mzee una sababu zake za kuelemewa. Kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, hivyo mzee anaweza kupungukiwa maji mwilini bila kuhisi. Jasho hutoka kidogo kuliko zamani, na moyo hufanya kazi kubwa zaidi ili kuupoza mwili. Baadhi ya dawa zinazotumiwa sana na wazee, zikiwemo dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, huzidisha upungufu huo wa maji. Usiku wenye joto ni hatari ya pekee, kwa kuwa ndio wakati ambao mwili hutegemea kupumzika.

Kwa sababu hiyo, washauri wa huko humwambia mnunuzi aende kuitazama nyumba mwezi Julai, saa tisa alasiri, kisha alale hapo usiku mmoja. Humwambia pia apime mwinuko wa mahali. Phoenix iko takribani mita 330 juu ya usawa wa bahari na ni tanuri. Green Valley, mji mwingine wa wastaafu ulio kusini mwa Tucson, uko karibu mita 880, na joto lake ni pungufu. Prescott, ulio zaidi ya mita 1,600, una kiangazi cha wastani na majira ya baridi yenye theluji. Jimbo ni moja, lakini hali ya hewa ni tofauti kabisa.

Umeme ukikatika

Uchunguzi wa idara ya afya ya kaunti ya Maricopa umeonyesha jambo la kusikitisha: miongoni mwa watu waliofariki kwa joto wakiwa ndani ya nyumba, wengi walikuwa na kiyoyozi. Kiyoyozi hicho kilikuwa kimeharibika, kimezimwa, au hakikuwa na umeme. Mwaka 2018, mama mmoja mzee aliyeishi peke yake katika mojawapo ya miji ya wastaafu alifariki baada ya umeme wa nyumba yake kukatwa kwa deni dogo, katika siku ya joto kali. Kifo hicho kilizua mjadala mkubwa, na mwaka 2019 chombo kinachosimamia huduma za umeme jimboni kiliyazuia makampuni yaliyo chini yake kukata umeme wa nyumba kwa sababu ya deni katika miezi ya kiangazi.

Funzo hapa ni pana kuliko kiyoyozi. Nyumba ambayo haikaliki bila mashine humfanya mzee kuwa mateka wa mashine hiyo na wa ankara yake. Kuta nene, dari yenye kuzuia joto la bati, madirisha yanayopitisha upepo, baraza pana na kivuli cha miti upande wa magharibi hufanya kazi usiku na mchana bila kuhitaji LUKU. Tena, jirani anayebisha hodi kila asubuhi ni kinga ambayo hainunuliwi dukani.

Maji yatatoka wapi baada ya miaka 20?

Phoenix hupata mvua isiyofikia milimita 200 kwa wastani wa mwaka. Maji yake hutoka katika mito, katika mfereji wenye urefu wa takribani kilomita 540 unaoleta maji ya Mto Colorado, na katika visima virefu. Kwa kutambua kwamba maji ya ardhini hupungua, jimbo lilitunga sheria mwaka 1980 inayomtaka anayegawa viwanja katika maeneo maalumu athibitishe kuwa yapo maji ya kutosha kwa miaka 100. Mwezi Juni 2023 jimbo lilitangaza kwamba halitatoa tena vibali vipya katika eneo la Phoenix kwa miradi inayotegemea maji ya ardhini peke yake.

Hata hivyo, sheria ilikuwa na mwanya. Anayegawa ardhi katika vipande vichache hakulazimika kutoa uthibitisho huo. Ndivyo ilivyojengwa sehemu kubwa ya Rio Verde Foothills, nje kidogo ya mji wa Scottsdale. Mamia ya nyumba nzuri, nyingine za gharama kubwa, zilitegemea maji yaliyoletwa na maboza kutoka Scottsdale. Mwezi Januari 2023, kutokana na ukame, mji huo uliacha kuyapa maboza hayo maji. Wakazi walilazimika kukinga maji ya mvua, kutumia sahani za karatasi na kununua maji yaliyosafirishwa kutoka mbali kwa bei kubwa. Nyumba ilikuwepo, hati ilikuwepo, maji hayakuwepo.

Hospitali, vumbi na safari ya daktari

Mtu wa miaka 60 huchagua nyumba kwa nguvu alizonazo siku hiyo. Busara ni kuichagua kwa hali atakayokuwa nayo akiwa na miaka 80. Katika miji ya Arizona yapo makazi ambayo mzee huanza kwa kuishi mwenyewe, baadaye akapata msaidizi wa kumwogesha na kumpa dawa, na mwisho akahudumiwa na wauguzi mchana na usiku, yote katika eneo moja. Mikataba yake huwa mirefu na ghali. Wengi hugundua wakiwa wamechelewa kwamba bima ya afya ya taifa lao kwa wazee hailipii matunzo ya muda mrefu ya namna hiyo.

Vumbi nalo lina habari yake. Udongo wa jangwa hilo una kuvu ambao, upepo ukiwapeperusha, huingia mapafuni na kusababisha homa ya bondeni. Wengi hupona, ila wazee na wenye kinga dhaifu huweza kuugua vibaya. Anayehamia huko hushauriwa kumweleza daktari mahali alipotoka na mahali alipohamia, kwa kuwa dalili zake hufanana na za homa ya mapafu ya kawaida.

Kanuni ndogo zenye uzito mkubwa

Sheria ya Marekani huruhusu makazi ya wastaafu kuwabagua wapangaji na wanunuzi kwa umri, kwa masharti kwamba angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja mwenye umri wa miaka 55 au zaidi. Watoto wanaweza kutembelea, lakini hawaruhusiwi kuhamia. Kanuni hiyo huleta utulivu, hadi siku ambayo familia inapata msiba. Mjini Youngtown, katika miaka ya 1990, babu na bibi waliompokea mjukuu wao aliyekuwa kijana walijikuta wakivutana na uongozi wa mji. Suala hilo lilifika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na mwaka 1998 masharti ya umri ya Youngtown yakafikia mwisho.

Kwa msomaji wa Kitanzania, ambaye nyumba ya babu ndiyo kimbilio la wajukuu, kisa hicho kinajieleza chenyewe. Kanuni za mahali, ada za kila mwaka na masharti ya mkataba husomwa kabla ya kulipa, na husomwa kwa kufikiria siku mbaya.

Somo kwa kata zetu

Hapa nchini makazi ya wazee yanayoendeshwa na Serikali, kama Nunge na Kolandoto, huwapokea wazee wasiojiweza. Hayauzwi wala hayapangishwi. Mstaafu wa kawaida hujenga au hurudi kwao. Kwa hiyo makazi ya uzeeni ya Mtanzania ni kijiji au mtaa wenyewe, na huduma za mahali hapo ndizo zinazopaswa kupimwa. Kabla ya kulipia kiwanja, mkazi anashauriwa kufuata hatua hizi:

1. Akitembelee kiwanja mwishoni mwa kiangazi, mchana na usiku, na awaulize wenyeji visima hukauka mwezi gani.

2. Aulize ofisi ya RUWASA au mamlaka ya maji kama bomba limefika, na chanzo chake ni kipi. Ahadi ya dalali haitoshi.

3. Apime kwa miguu umbali wa kwenda zahanati, na kwa gari umbali wa kwenda hospitali yenye huduma za dharura.

4. Athibitishe umiliki katika ofisi ya ardhi ya Halmashauri, na kwa ardhi ya kijiji, katika Halmashauri ya Kijiji.

5. Ajenge nyumba inayopoa yenyewe, isiyo na ngazi nyingi, yenye choo kinachofikika usiku na tangi la kuvuna maji ya mvua.

6. Ajitambulishe kwa Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, na ajiunge na Baraza la Wazee la mahali hapo, ili pawepo watu watakaouliza asipoonekana.

Hatua ya sita isidharauliwe. Miji ya Arizona ilijengwa kwa fedha nyingi na ustadi mkubwa, lakini joto lilipozidi, aliyekuwa hatarini zaidi ni yule ambaye hakuna aliyebisha mlango wake.

Maswali ya majadiliano katika mabaraza ya wazee na mikutano ya mitaa

1. Ni nyumba zipi katika mtaa wetu zina mzee anayeishi peke yake, na nani humjulia hali?

2. Maji yakikosekana kwa wiki mbili, wazee hao huyapata wapi?

3. Je, vijana wanaojenga leo wanajenga nyumba ambayo wao wenyewe wataweza kuishi wakiwa na miaka 80?