Binadamu Ameumbwaje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwanafunzi wa sekondari anafundishwa darasani kwamba binadamu alipitia hatua nyingi za mabadiliko kabla ya kuwa alivyo leo. Jioni yuko madrasa, au Jumapili yuko kanisani, na huko anaambiwa Adamu aliumbwa kwa udongo. Akiuliza lipi ni la kweli, mara nyingi hukemewa, au huambiwa ajibu ya shule shuleni na ya dini kwenye dini. Hilo linamvusha kwenye mtihani, lakini swali lake linabaki palepale.

Sehemu ya utata inatokana na kuchanganya maswali matatu: mwili wetu umetoka wapi, tabia zetu zikoje, na tunapaswa kuishi vipi. Sayansi ina vifaa vya kulipima la kwanza na sehemu ya la pili. La tatu halipimwi maabara, na huko ndiko dini na falsafa zimefanya kazi kwa karne nyingi.

Je, ni kweli sayansi inasema tulitokana na nyani?

Hapana. Inasema binadamu na sokwe wana babu mmoja wa mbali sana, aliyeishi kiasi cha miaka milioni 6 au 7 iliyopita, ambaye hakuwa sokwe wala binadamu. Ukoo ukagawanyika, kila tawi likashika njia yake. Nyani wa hifadhi ya Mikumi wako mbali zaidi na sisi katika ukoo huo kuliko sokwe wa Gombe. Wanaouliza mbona nyani wa leo hawageuki kuwa watu wanadhani mwisho wa safari ya kila mnyama ni kuwa mtu. Hakuna mwanasayansi anayefundisha hivyo.

Charles Darwin alieleza nadharia yake ya mageuzi mwaka 1859, na mwaka 1871 akaandika kuhusu binadamu mwenyewe, akikisia kwamba chimbuko letu huenda ni Afrika. Wakati huo hakuwa na hata fuvu moja la zamadamu kutoka bara hili la kumthibitishia.

Ushahidi uko wapi?

Sehemu kubwa iko kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 17 Julai 1959, mwanaakiolojia Mary Leakey aliliona fuvu la zamadamu katika bonde la Olduvai, Tanzania, aliyepewa jina la Zinjanthropus, mwenye umri wa miaka milioni 1.75. Mwaka 1978 timu yake ilifukua huko Laetoli, Tanzania, nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Walioziacha walitembea wima kwa miguu miwili, kama sisi. Mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu kilichoongoza watafiti hadi kwenye kiunzi karibu kamili cha kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Mabaki ya kale zaidi ya watu wa jamii yetu wenyewe, yaliyopatikana Jebel Irhoud nchini Moroko, yana miaka ipatayo 300,000.

Lakini ugunduzi unaonigusa kuliko yote umetoka Kilifi. Katika pango la Panga ya Saidi, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje walifukua kaburi la mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2021. Walimwita Mtoto. Alizikwa miaka 78,000 iliyopita, na hilo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu linalojulikana Afrika. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Jinsi mifupa ilivyokaa inaonyesha kwamba mwili ulikuwa umeviringishwa, na kichwa kiliegemezwa juu ya kitu kama mto ambacho kimekwisha kuoza. Kuna mtu aliyechimba shimo lile, akamfunika mtoto, akamwekea kitu chini ya kichwa. Nadharia yoyote ya asili ya binadamu inayoanza na kuishia kwenye ugomvi wa chakula haina la kusema mbele ya kaburi hilo.

Dini zinaionaje asili ya mtu?

Katika Biblia, kitabu cha Mwanzo kinafundisha kwamba mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, kisha akaanguka. Uzito wa anguko hilo ulifafanuliwa zaidi na Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika Algeria ya leo, aliyefariki mwaka 430. Kwake, binadamu wote wanarithi dhambi ya asili, na hawawezi kujinasua bila neema. Wakristo wa Mashariki wanakubali kwamba tumerithi mauti na udhaifu, ila hawafundishi kwamba mtoto anazaliwa na hatia ya Adamu.

Uislamu unafundisha kwamba Adamu alitubu akasamehewa, hivyo hakuna dhambi ya kurithi. Kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani hali ya kuelekea kwa Muumba wake. Hata hivyo Kurani haimpambi mtu. Katika sura ya al-Baqara, Mwenyezi Mungu anapotangaza kuweka khalifa duniani, malaika ndio wa kwanza kuuliza juu ya ufisadi na umwagaji damu. Wanazuoni nao wameeleza hali tatu za nafsi: inayoamrisha maovu, inayojilaumu, na iliyotulia. Mtu hapewi moja akakwama nayo. Hupambana kupanda kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.

Kuhusu mila zetu za Kiafrika, mwanateolojia Mkenya John Mbiti alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba mtu hakamiliki peke yake. Jamii ndiyo inayomfanya mtu, kwa kumpa jina, kumpitisha jandoni au unyagoni, kumwoza na kumzika.

Muumini akikubali mageuzi, amekufuru?

Inategemea dhehebu. Mwaka 1950 Papa Pius wa 12 aliruhusu Wakatoliki kuchunguza chanzo cha mwili wa binadamu, kwa sharti kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kwamba nadharia ya mageuzi imevuka hatua ya dhana tu. Waprotestanti wamegawanyika: wapo wanaozisoma siku sita za uumbaji kama siku za saa 24, na wapo wasiosoma hivyo. Miongoni mwa Waislamu, wengi wanashikilia kwamba Adamu aliumbwa bila baba wala mama. Baadhi wanakubali mageuzi kwa viumbe vingine na kumtoa Adamu peke yake.

Muulize sheikh au mchungaji wako msimamo wake na hoja zake; hiyo ni haki yako na ni kazi yake. Nyayo za Laetoli zipo, na kukana kwamba zipo hakuilindi imani ya mtu.

Wanafalsafa wanasemaje: tunazaliwa wema au waovu?

Hawajaafikiana. Nchini China, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Mengzi alitoa mfano wa mtoto anayekaribia kutumbukia kisimani: yeyote atakayemwona atashtuka kabla hajafikiria sifa wala malipo. Hiyo, alisema, ni mbegu ya wema. Xunzi, aliyemfuata, alipinga akisema wema ni kazi ya malezi na nidhamu. Mwaka 1651, Uingereza ikiwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, Thomas Hobbes aliandika kwamba bila dola watu watararuana. Mwaka 1755 Jean-Jacques Rousseau akageuza hoja hiyo: jamii na mali ndivyo vilivyomharibu mtu. Ibn Khaldun wa Tunis alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1377 kwamba mtu hufinyangwa na mazoea yake kuliko tabia ya kuzaliwa. Kwangu mimi, huyo ndiye aliyeikaribia zaidi kweli.

Sokwe wanatufundisha nini?

Si kile ambacho wengi wanatarajia. Jane Goodall alifika Gombe, Kigoma, mwaka 1960, akawaona sokwe wakitumia vijiti kuvua mchwa. Kati ya 1974 na 1978, kundi moja liliwaua madume wa kundi lililojitenga nalo. Sokwe haohao hulea yatima wasio wao. Ndugu yetu mwingine wa karibu kiasi hichohicho ni bonobo, anayeishi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pekee, kusini ya mto Kongo. Kwao majike ndio wenye usemi, na mizozo mingi humalizwa kwa kubembelezana. Anayetaka kutetea ukatili wake kwa kusingizia wanyama atalazimika kueleza kwa nini amemchagua sokwe akamwacha bonobo.

Kama ni asili yangu, nina kosa gani?

Hili ndilo swali lenye madhara makubwa majumbani. Mume anapiga, kisha anasema wanaume ndivyo walivyoumbwa. Wengine huyaelewa mageuzi kuwa ni mwenye nguvu mpishe. Msemo wa Kiingereza uliozaa dhana hiyo, “survival of the fittest”, ulibuniwa na Herbert Spencer mwaka 1864, lakini anayefaulu katika mageuzi ni yule anayeendana na mazingira yake akaacha kizazi, hata awe dhaifu wa mwili. Darwin mwenyewe aliandika kwamba jamii zenye watu wenye kuhurumiana zaidi ndizo hustawi. Aidha, kueleza tabia imetoka wapi si kuihalalisha. Mahakama haikubali udhuru huo, na hakuna dini kati ya nilizozitaja inayoukubali.

Je, makabila na rangi zina asili tofauti?

Hazina. Watu wawili wowote duniani wanafanana kwa takriban asilimia 99.9 ya vinasaba vyao, na tofauti nyingi zaidi zimo ndani ya Afrika yenyewe kuliko kwingineko. Lakini imani ya kinyume chake iliwahi kuitwa sayansi. Zama za ukoloni wa Kijerumani, mafuvu zaidi ya 1,000 yalichukuliwa kutoka Afrika Mashariki, mengi kutoka Rwanda na mengine Tanzania na Kenya, yakapelekwa Berlin kupimwa ili kupanga watu kwa madaraja. Ukoo wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa na Wajerumani huko Moshi mwaka 1900, bado unatafuta kichwa chake, kinachoaminika kuchukuliwa vilevile. Nchini Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho miaka ya 1930, na wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 vitambulisho vya aina hiyo vilitumiwa kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani auawe.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema kabila fulani kwa asili yake ni wezi, wavivu au wakatili, mdai ushahidi, na kama watoto wapo, fanya hivyo wakisikia.