Kipimo cha Joto cha Pikipiki: Tafuta Namba Yako Kwanza



Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wengi wamenunua boda boda kwa mkopo. Injini ikinoki, mkopo haungoji.

Nyingi ya pikipiki hizi hazina rejeta. Zinapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, pamoja na oili iliyo ndani. Dereva hatambui joto limezidi mpaka nguvu ipungue, na hapo mara nyingi ameshachelewa. Ndiyo maana tunahimiza kipimo chenye taa ya onyo.

Viko vya aina mbili. Kimoja kina pete ndogo inayokaa chini ya plagi. Kingine huingia mahali pa kifuniko cha oili. Cha plagi huona mabadiliko upesi, cha oili huchelewa. Mwenye pesa ya kimoja tu, na anapanda milima, achukue cha plagi.

Kabla ya kufunga, tumbukiza pete peke yake kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Mombasa kipimo kisome karibu 100. Lakini kule Iten, mita kama 2,400 juu ya bahari, maji huchemka kwenye 92 hivi, kwa hiyo usikimbilie kumrudishia mwenye duka!

Funga pete injini ikiwa baridi. Waya upite mbali na ekzosi na ule waya mnene wa plagi. Ukiwa mrefu usiukate, ukunje chini ya kiti, maana kwa vipimo vingine kukata kunaharibu hesabu. Taa ikae karibu na spidomita, uione bila kuinama.

Sasa lililo kubwa: taa iwake kwenye namba gani? Wengi huuliza jirani. Hapana. Pete ikikaa upande wa mbele penye upepo, husoma chini kuliko ikiwa nyuma, hata kama injini ni sawa. Taa ikiwaka kila saa, mtu huing'oa. Ikiwekwa juu mno, ni pambo tu.

Anza na injini yenye afya: oili mpya, valvu zimepimwa, mapezi hayana matope. Ukianza na injini mgonjwa, utaandika homa na kuiita kawaida. Halafu kwa wiki moja andika kwenye daftari: asubuhi kwenye tambarare, mchana na abiria, na ule mlima mbaya kuliko yote, kwa mfano kutoka bonde la Kerio kwenda Iten ukiwa na mzigo. Chukua namba ya juu kabisa, ongeza digrii 10 au 15, weka taa hapo. Kwa oili ni rahisi zaidi: ikipita 130 punguza mwendo, ikikaribia 150 simama.

Taa ikiwaka mlimani, usikazane. Ikiwa barabara inakaribia kuteremka, punguza mafuta uendelee polepole upepo upite. Kama sivyo, simama, zima, abiria ashuke. Kuiacha ikinguruma imesimama hakuipozi. Na maji usimwage kamwe, chuma moto hupasuka. Ngoja ipoe, pima oili, angalia kama breki inashika gurudumu, ndipo uwashe.