Hesabu ya Nanasi

Mtoto aulizaye kwa nini macho ya nanasi yamejipanga katika mistari izungukayo asinyamazishwe. Tumpe nanasi ahesabu mwenyewe. Kwa kawaida ataona mistari 8 ikielekea upande mmoja, na 13 upande wa pili. Katika kichwa cha alizeti mara nyingi ni 34 na 55. Tuzipange: 5, 8, 13, 21, 34, 55, kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Leonardo wa Pisa aliziandika mwaka 1202, akihesabu sungura, wala si maua!

Basi sababu ni nini? Kila chipukizi huota penye nafasi iliyoachwa na yale ya kwanza, kwa pembe ya nyuzi 137.5 hivi, yasipate kubanana. Si kila ua lafuata namba hizo, na mtoto asifichwe hilo.

Wako wazazi waogopao kwamba mwana akijua sababu atamsahau Muumba. Sisi hatuoni hivyo. Padre Gregor Mendel alipanda na kuchunguza njegere zipatazo miche 28,000 katika bustani ya monasteri yake mjini Brno, na mwaka 1868 wenzake wakamchagua kuwa Abati.

Jumapili hii, nanasi lisikatwe kabla halijahesabiwa.