Udongo, mpira na vinyama: kwa nini mwalimu wa piano anacheza na mtoto wako

Mama mmoja wa hapa Hayes alikwenda kumchukua binti yake kwenye somo la tatu la piano, akamkuta sakafuni anafinyanga udongo wa kuchezea. Mwalimu naye yuko sakafuni. Piano imefunikwa. Mama hakusema neno mpaka tulipofika kituo cha basi, ndipo akaniuliza: "Dada, hela ninayolipa ni ya kucheza? Nimtoe?"

Nilimwomba asubiri kidogo. Wengi wetu tulifundishwa kwa ubao na fimbo, kwa hiyo somo lenye kicheko tunaliona kama somo lililoibiwa. Lakini tuangalie kila kichezeo kinafanya kazi gani.

Tuanze na udongo. Kupiga piano si kama kugusa simu. Kidole hushuka kikiwa kimepinda, ncha ndiyo inayogusa, na kila kidole kinatakiwa kufanya kazi bila kumvuta jirani yake. Jaribu wewe mwenyewe: weka kiganja juu ya meza, kisha nyanyua kidole cha pete peke yake. Kinagoma, sivyo? Kwa mtoto wa miaka sita kinagoma zaidi. Anapobonyeza udongo kwa kidole kimoja kimoja, anaona mashimo: hili limezama, lile halikuzama. Hapo hahitaji Kiingereza ili aelewe kosa lake, na kwa mtoto ambaye shuleni kutwa nzima hashiki nusu ya yanayosemwa, hilo si jambo dogo. Wakati huohuo anajifunza namba za vidole: gumba ni 1 na kidole cha mwisho ni 5, kwa mikono yote miwili.

Mpira laini ni wa umbo la mkono. Mtoto anaushika kama anavyoshika chungwa, mwalimu anauondoa polepole, mkono unabaki na duara lake. Ukisema "pindisha vidole" mara kumi hutapata matokeo hayo.

Vinyama vya plastiki vinamsaidia asipotee. Piano kamili ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na mgeni akiitazama safu hiyo anachanganyikiwa. Siri iko kwenye vyeusi: vimekaa kwa makundi, viwili, kisha vitatu, kisha viwili tena. Kibonyezo cheupe kilicho mara tu kushoto kwa kundi la viwili ni Do, ambacho walimu wa hapa hukiita C. Mwambie mtoto aweke mnyama mmoja kwenye kila Do. Kwenye piano kamili atahitaji wanyama 8; kwenye kinanda cha vibonyezo 61, wanyama 6. Vizibo vya soda vinafaa pia.

Mliowahi kuimba kwaya, hapa mna faida. Ile do-re-mi ya kanisani ilienezwa na mchungaji John Curwen wa Plaistow, mashariki mwa London, katika karne ya 19, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich. Baadaye wamisionari waliipeleka Afrika. Curwen aliipa kila sauti ishara ya mkono: Do ni ngumi, Mi ni kiganja kilicholala, La ni mkono unaoning'inia. Imba na mtoto huku mkionyesha ishara hizo. Ila kumbuka kwamba kwenye kwaya Do huhama kufuatana na ufunguo wa wimbo, lakini C ya mwalimu haihami. Mkianza na nyimbo nyepesi za ufunguo wa C, hamtagongana.

Hata kama hamna piano nyumbani, mapigo yanaweza kufundishwa jikoni. Piga meza polepole, sawasawa. Kwa pigo moja semeni "tu", kama mchi kwenye kinu. Ndani ya pigo lilelile ingizeni "embe", sauti mbili. Halafu "chapati", tatu. Halafu "kachumbari", nne. Mtoto akiweza kubadili kutoka embe kwenda kachumbari bila kuchelewesha pigo, amefanya jambo ambalo watu wazima wengi linawashinda. Mdako nao, ule wa kurusha jiwe na kukusanya mengine, unafundisha jicho na mkono kwenda pamoja.

Kuna watoto wanaoshtuka kwa sauti kubwa ya ghafla, na piano inaweza kutoa sauti hiyo. Mwambie mwalimu mapema. Huna lazima ya kueleza mliyopitia. Inatosha kusema kwamba mtoto anashtushwa na kelele. Kinanda cha umeme kinapunguzwa sauti, na mpira mdogo mkononi humsaidia mtoto kutulia kabla ya kuanza.

Kuhusu ada, ulizeni ofisi ya shule kama kuna masomo ya ala za muziki na kama familia zenye kipato kidogo hupunguziwa. Msisikie haya, swali hilo ni la kawaida hapa. Mkienda maktaba ya Botwell Green, ulizeni pia kuhusu vipindi vya nyimbo za watoto wadogo.

Na mkipita Blyth Road, waonyesheni watoto majengo ya zamani ya kiwanda cha sahani za santuri. Kampuni ya Gramophone, yenye nembo ya His Master's Voice, ilianza kujenga hapo mwaka 1907. Ni kampuni hiyohiyo iliyomrekodi Siti binti Saad wa Zanzibar kule Bombay mwaka 1928.

Udongo tengenezeni wenyewe: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, kijiko cha mafuta, na maji kidogo kidogo mpaka kikombe kimoja, huku mkikanda. Usiliwe, maana chumvi ni nyingi mno, na vichezeo vidogo viwe mbali na mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Mikono ioshwe kabla ya kurudi kwenye piano.

Yule mama hakumtoa binti yake. Analalamika sasa kwamba unga unaisha haraka.