Likizo ya Shule Nyumbani: Somo kutoka Kisiwa cha Funzi

Kengele ya mwisho ya muhula ikisha kulia, watoto hurudi nyumbani kwa furaha, bali wazazi wengi huingia katika mashaka. Baadhi yao husema, "Sina fedha za kuwatembeza wanangu." Wengine huwaacha watoto wazurure tangu asubuhi hata magharibi, na shule zikifunguliwa huona ajabu kwamba mtoto amesahau hesabu zake. Mashaka hayo yaweza kuondolewa, wala hayahitaji fedha nyingi. Lililo lazima ni mpango, na mpango huo huanzia nyumbani.

Funzi ni kisiwa kidogo katika Kaunti ya Kwale, kusini ya Msambweni, karibu na mahali mto Ramisi unapoingia baharini. Kimezungukwa na mikoko, wenyeji wake wengi ni wavuvi, na mtu atokaye bara huvuka kwa chombo kutoka Bodo. Huenda mgeni akadhani kwamba mahali kama hapo mtoto hana la kujifunza ila kucheza mchangani. Mfano ufuatao waonyesha kwamba sivyo.

Itazamwe nyumba moja ya wavuvi: baba, mama, bibi mzaa baba, kijana wa miaka 14, binti wa miaka 12 na mdogo wao wa miaka 8. Ni mwezi wa Agosti. Siku ya pili tu ya likizo kijana amemwambia baba yake kwamba hataki kurudi shule.

"Baba, wenzangu wanakwenda baharini, na kila jioni wana shilingi mfukoni. Mimi nina madaftari tu."

Baba hakumkemea. Akamjibu, "Vyema, mwanangu. Likizo hii wewe ndiwe karani wa chombo chetu. Kwa majuma matatu utaandika kila kiingiacho na kila kitokacho. Kisha tutazungumza."

Daftari ya chombo

Kijana alipiga mistari katika daftari kuukuu: tarehe, upepo, uzito wa samaki, bei, gharama na mafungu. Kila jioni aliketi na baba yake kuijaza. Akajifunza jinsi mapato ya chombo yanavyogawanywa. Mathalani, samaki wakiuzwa kwa shilingi 3,600, na chambo, barafu na kamba zikala shilingi 600, husalia 3,000. Ikiwa theluthi moja ni fungu la chombo, yaani 1,000, zile 2,000 zilizobaki hugawanywa kwa mabaharia wanne, na kila mmoja hupata 500. Hiyo ni hesabu ya sehemu aliyoisoma darasani, lakini sasa ilikuwa na harufu ya samaki.

Halafu kusi ikavuma. Upepo huo huanza kama mwezi wa Aprili na kuendelea hata karibu na Oktoba, na katika Juni, Julai na Agosti huvuma kwa nguvu, bahari ya nje ikachafuka. Katika siku 18 za kazi, chombo kilitoka siku 11 tu, na katika hizo, siku 3 gharama zilimeza mapato yote. Wenzake walipokuwa na shilingi mfukoni kila mtu aliziona. Siku walizolala njaa hapana aliyeziandika.

Jambo la pili lilitokea katika juma la mwisho. Mchuuzi alileta karatasi yake ya malipo ya siku sita. Kijana akaijumlisha, akaijumlisha tena, kisha akamnong'oneza baba yake kwamba zimepungua shilingi 400. Mchuuzi alipoonyeshwa daftari alitazama tarehe moja moja, akakiri kosa, akalipa. Baba alinyamaza kitambo, akasema, "Miaka mingapi nimepokea karatasi hizi nami sikuweza kuzisoma?"

Bibi na hesabu ya maji

Binti naye alipewa kazi yake: kuandika saa za maji kujaa na kupwa. Alijifunza kwamba tangu maji kupwa hata kujaa hupita kama saa sita na robo, na kwamba kila siku wakati husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 hivi. Basi, ikiwa leo maji yamekupwa saa nne asubuhi, yatajaa karibu saa kumi na robo alasiri, na kesho yatakupwa kama saa tano kasoro dakika kumi.

Bibi hakuwa na saa, lakini alihesabu mwezi. "Mjukuu wangu," alisema, "mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, tazamia bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu." Na bibi alisema kweli. Mwezi na jua huvuta maji ya bahari. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa karibu katika mstari mmoja, nguvu zao zikaungana, maji yakajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua hupunguza ule wa mwezi. Kwa hiyo mtu ajuaye tarehe ya mwezi mwandamo ajua siku za bamvua: ni karibu na tarehe 1 na 15, au siku moja mbili baadaye, na maji mafu ni karibu na tarehe 7 na 22. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa yaweza kukaribia mita 4.

Elimu hiyo si ya mchezo. Siku moja jamaa hao walipokuwa Bodo, kijana alitaka wakae zaidi. Binti akafungua daftari yake, akasema kwamba wakikawia saa moja mkondo utakuwa matope, nao watalala chomboni. Bibi akatazama ufuo, akatikisa kichwa kumkubalia. Wakaondoka mara moja, na walipofika Funzi pondo ilikuwa tayari ikigusa mchanga.

Matembezi ya karibu

Kwa kuwa bahari ya nje ilichafuka, matembezi yao yalikuwa ndani ya ghuba, mahali mikoko inapokinga upepo. Ya kwanza yalikuwa katika mikoko yenyewe. Watoto walijifunza kutofautisha mkoko wenye mizizi iliyopindika kama miguu ya buibui, na mchu ambao mizizi yake huchomoza matopeni kama vidole. Waliona jinsi mbegu ya mkoko inavyomea ingali juu ya mti, ndefu na ya kijani kibichi. Ikianguka matopeni huweza kusimama na kuota. Mtoto mdogo alikusanya 20, akazipanda mahali palipokatwa miti. Baba akawaeleza kwamba zamani majahazi yalipeleka boriti za mikoko hata Arabuni, na kwamba mikoko ikiisha, kamba, kaa na samaki wadogo hukosa mahali pa kukulia.

Ya pili yalikuwa kuelekea mto Ramisi. Hapo watoto waliwatazama ndege na kuandika rangi zao, lakini hawakuruhusiwa kuoga wala kutia mikono majini, kwa maana mto huo una mamba.

Ya tatu yalikuwa Gazi, kaskazini ya Msambweni. Walivuka hadi Bodo, wakapanda gari. Huko akina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao ipitayo juu ya matope ya mikoko, nao hupata kipato kwa wageni waitembeleayo. Hapo pia pana mradi uitwao Mikoko Pamoja, na tangu 2013 wanakijiji huhifadhi hekta 117 za mikoko. Mikoko huvuta hewa ukaa na kuiweka katika miti na matope yake. Watu wa nchi za mbali hulipia kazi hiyo, na fedha hizo zimesaidia kuleta maji na vitabu vya shule. Kijana aliuliza ni nani aandikaye hesabu za mradi. Akaambiwa, "Ni watu wa papa hapa, waliosoma."

Mwisho wa likizo

Usiku wa kuamkia siku ya kufungua shule, kijana alileta daftari ya chombo, akaiweka juu ya mkeka.

"Baba, nikirudi shule, nani ataandika?"

Mama ndiye aliyejibu. "Nimekuwa nikikutazama jioni zote hizi, mwanangu. Tarakimu nimekwisha zijua. Mimi nitaandika, nawe utasahihisha kila Jumamosi."

Asubuhi maji yalipokuwa yamejaa, sare yake ilikuwa imekwisha fuliwa na kukunjwa, naye alikuwa wa kwanza kutoka nyumbani.

Mambo ya kushika

1. Kila mtoto apewe kazi moja ya nyumbani yenye kuandikwa, iwe ya chombo, shamba, kuku au duka.
2. Wazee waulizwe wayajuayo, na watoto wayalinganishe na masomo yao.
3. Matembezi yachaguliwe kwa majira. Wakati wa kusi yawe mahali penye kinga. Safari za bahari ya nje zingoje bahari itulie.
4. Mtoto asiende majini peke yake, na apitapo maji mafupi ya mchanga aburure miguu, ili taa aliyejifukia akimbie asije akakanyagwa.
5. Mtoto asemaye hataki shule asipigwe kwanza. Apewe kazi ya kweli, na aonyeshwe hesabu yake.

Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Likizo ni wakati mwema wa kumkunja, na mkono wa kumkunja uwe wa upole.