Mstari unaotoka nje ya gridi

Swali: Nimepewa gridi ya kuanzia −10 hadi 10 nichore y = 3x − 17. Nikiweka x = 0 napata −17, nje kabisa. Je, swali limekosewa?

Jibu: Swali halina kosa. Kinachokukwamisha ni mazoea ya kuanza na x = 0; hakuna kanuni inayodai hivyo, ni wepesi wa hesabu tu. Jiulize kwanza ni thamani zipi za x zinazoibakiza y ndani ya gridi. Andika −10 ≤ 3x − 17 ≤ 10, jumlisha 17 kila sehemu upate 7 ≤ 3x ≤ 27, kisha gawa kwa 3: x inaanzia 2⅓ hadi 9. Chukua basi 3, 6 na 9. Nukta zako ni (3, −8), (6, 1) na (9, 10). Mbili zinatosha kuchora. Ya tatu ni ya kujikagua. Zisikaribiane mno, maana rula ikiteleza kidogo mstari wote unakwenda upande. Kubadili skeli, kila mraba uwakilishe 2, kunafaa pia, ila si pale mtahini alipokwisha kuchapa namba kwenye mihimili. Na weka mishale kwenye ncha, kwa sababu mstari hauishii ukingoni mwa gridi.