HUDUMA YA KWANZA: ALIYE KARIBU NDIYE MGANGA WA KWANZA

Leo tutajifunza huduma ya kwanza. Huduma ya kwanza ni msaada anaopewa mtu pale pale alipoumia, kabla hajafikishwa zahanati. Haihitaji cheti wala sindano. Inahitaji mtu anayejua la kufanya, na anayejua pia la kutofanya.

Kwa nini somo hili linatuhusu sisi wa Kimali? Sisi wa mkoa wa Simiyu ni wakulima wa pamba na wafugaji. Tunashika mapanga na majembe, tunapikia mafiga yaliyo chini, na watoto wetu huchunga porini penye nyoka. Nyumba zetu zimetawanyika, na mvua ikinyesha mito hujaa na njia hukatika. Mtu anayevuja damu nyingi aweza kufa kwa dakika chache. Katika dakika hizo mganga hayupo. Aliyepo ni mke wake, jirani yake au mchungaji mwenzake.

Kazi hii ilianza zamani kwa watu wa kawaida. Mwaka 1859, baada ya vita vya Solferino kule Italia, maelfu ya askari waliachwa na majeraha. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi, alishirikiana na wenyeji, wengi wao wanawake, kuwaosha vidonda na kuwanywesha maji. Kutokana na hayo Msalaba Mwekundu ulianzishwa mwaka 1863. Hapa kwetu Chama cha Msalaba Mwekundu kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962.

Mwaka 2008 wanafunzi huko Scotland walianzisha shirika lililoitwa First Aid Africa. Vijana hao walifunga safari kwenda kufundisha huduma ya kwanza katika vijiji vya Afrika, Tanzania ikiwemo. Walisisitiza kutumia vitu vilivyopo hapo hapo kijijini. Hilo ni jambo la busara, kwani kumfundisha mtu bendeji za dukani mahali pasipo na duka ni sawa na kumfundisha kuogelea mchangani. Lakini mgeni huja na kuondoka, nyoka haondoki. Kwa hiyo hatuna budi elimu hii ibaki mikononi mwa wenyeji.

Sasa tuangalie ajali tatu.

1. Jeraha linalovuja damu
Mlaze mgonjwa. Kinga mikono yako kwa glavu au mfuko safi usiotoboka. Chukua kitambaa safi, kama kipande cha kanga, kiweke juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu bila kuachia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu yake na uendelee kukandamiza. Damu ikitulia, funga kwa kanga iliyokaza, kisha mpeleke zahanati.
Usipake udongo, majivu, tumbaku wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivyo huingiza vijidudu vya pepopunda, ugonjwa unaoua.

2. Kuungua
Mwondoe mgonjwa penye moto. Mimina maji safi ya baridi juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Maji yakiwa haba, kinga kwa beseni uyatumie tena. Mvue pete au bangili kabla hajavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi usiivute. Funika kidonda kwa kitambaa safi kikavu, na mwili wake wote usipate baridi, hasa akiwa mtoto.
Usipake mafuta, dawa ya meno, yai wala asali. Usitumbue malengelenge.

3. Kuumwa na nyoka
Ondokeni mahali pale. Msipoteze muda kumsaka nyoka, maana atamwuma mtu wa pili. Mtulize mgonjwa na umlaze. Vua pete, bangili na viatu. Funga fito mbili pembeni mwa mguu au mkono kwa vipande vya nguo, ili usitikisike. Mbebeni kwa machela ya miti na blanketi. Akitumia pikipiki, mtu mmoja akae nyuma amshike. Akitapika au akilegea, mlazeni ubavu.
Usichanje, usinyonye jeraha, usikaze kamba, wala usingoje jiwe la nyoka lifanye kazi. Kamba iliyokazwa imewapotezea watu miguu. Nyoka akitema sumu machoni, osha macho kwa maji mengi.
Dawa ya kupinga sumu ya nyoka haipo katika kila kituo. Ulizeni mapema, kabla hakujatokea ajali, ni hospitali ipi inayo.

Ndugu msomaji, mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya redio, wakajifunza kujikinga na magonjwa. Miaka ya 1980 watu wa sehemu zetu hizi waliunda sungusungu kulinda mifugo yao. Basi mwano ukipigwa kwa ajili ya ng'ombe tunakimbia wote. Mwano ukipigwa kwa ajili ya mtu anayevuja damu, je, tutakaofika tutajua la kufanya, au tutasimama tu kumtazama?

Maswali ya majadiliano
1. Ni ajali zipi hutokea zaidi katika kitongoji chenu, na msimu gani?
2. Ni nani watano watakaojifunza, na kila mmoja atamfundisha nani?
3. Machela na kanga safi zitawekwa nyumba ipi?
4. Mto ukijaa, mgonjwa atapitishwa wapi?

Jibuni maswali haya katika kikao kijacho cha kitongoji. Kisha mwiteni mhudumu wa zahanati awaoneshe kwa vitendo, na kila mmoja afanye kwa mikono yake mwenyewe.